Ngozi Isiyolia

Mkono wangu hautetemeki.

Naanza na hilo ili tusije tukasumbuana mbele ya safari. Siku ukiuona mkono huu unatetemeka, shika ukuta, maana kinachotetemeka ni ardhi. Shuleni nilikuwa nachora duara bila bikari, na mwalimu wa hesabu alininunia kwa sababu hiyo mpaka namaliza sekondari.

Kwa mliochelewa kuingia, mimi ni yule niliyefukuzwa kwenye duka la fremu kwa kuitundika picha ya marehemu wa watu kichwa chini. Ndiye yule yule niliyemsindikiza rafiki kwenye chumba cha tatuu, sindano ikamgusa yeye, nikazimia mimi. Mwenye chumba, mama mfupi mwenye miwani ya kamba ambaye mtaa mzima unamwita Fundi na kutosheka, alinimwagia maji, akanigeuza viganja, akasema, "Vidole vizuri. Kichwa ndicho sijui."

Ndivyo nilivyopata nafasi ya kujifunza. Jina la Bingwa nilijipa mwenyewe. Wengine wanalitumia kwa kunicheka, lakini wanalitumia.

Wiki iliyopita niliwaacha jikoni kwa Shangazi, siku alipofungua kabati akakutana na boga lenye fuvu la mtu. Fuvu lilikuwa langu, maana yake nililichora mimi. Mwanafunzi wa tatuu anaanzia kwenye matunda na maboga, kwa sababu ganda lina mviringo na halipigi kelele. Kelele alipiga Shangazi. Majirani walikuja na fagio, mmoja na mchi.

"Wewe mtoto," Shangazi aliniambia walipoondoka, "ukichora kitu kingine cha nyumba hii, hata kiazi, utatafuta nyumba ya kuchora."

Basi nikarudi kwa Fundi bila boga. Hakunisikitikia. Alifungua droo akanipa ngozi bandia.

Msiogope jina. Ni kipande cha raba laini, ukubwa wa karatasi ya daftari kubwa, rangi ya chai iliyozidi maziwa. Ukikibonyeza kinarudi. Ukikichoma hakitoi damu, hakisemi "aii", hakikuulizi kama bado sana. Ukitoka kwenye maboga unakuja kwenye hicho, na ukitoka kwenye hicho ndipo unapewa mtu.

"Nataka mbayuwayu mmoja," Fundi alisema. "Mmoja tu. Mstari uanze, uende, ufike, usisite njiani kama mtu aliyesahau funguo. Ukiniletea huyo, Kinyozi wa hapo jirani amejitolea mkono wake, utamchora yeye."

"Na nisipoleta?"

"Utarudi ulikotoka."

"Kule kwenye fremu?"

"Kule kwenye kuzimia. Mimi sina mwaka wa kumpotezea mtu asiye na mkono, Bingwa. Hiyo ndiyo ngozi yako ya kwanza na ya mwisho."

Mbayuwayu! Ndege mdogo, mkia panda, mabawa mawili. Nilitaka kumuuliza kama hana kitu kigumu zaidi. Akanipa na mashine yake kuukuu ya mazoezi, inayonguruma kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo, nikaenda zangu nyumbani napiga mluzi.

Shangazi yangu ni mshonaji. Sebule yake ni cherehani, meza ya kukatia, na vitambaa mpaka juu ya redio. Mchana ule alikuwa amekwenda kumpelekea mteja gauni lake. Aliyebaki ni binti yake, ambaye tunamwita Kifungo, kwa sababu tangu akiwa mdogo kazi yake ni kushona vifungo na matundu yake kwa mkono. Alikuwa kajikunja kwenye kiti na koti la mtu mapajani.

Nikatandaza ngozi yangu juu ya meza ya kukatia.

"Kaka, si umeambiwa usiguse kitu cha nyumba hii?"

"Hiki si cha nyumba hii. Hiki ni cha kazini."

"Na meza?"

"Meza naiegemea tu. Shona vifungo vyako, mdogo wangu, mwangalie mtu mwenye kipaji."

Nikavaa glavu. Nikachovya sindano kwenye wino. Nikakanyaga pedali, nyigu akaamka, nikachora.

Kifungo alikuja akasimama nyuma yangu. Akainamisha kichwa kushoto, halafu kulia.

"Huyo ni nani?"

"Mbayuwayu."

"Mbona kavaa suruali?"

"Huo ni mkia. Mbayuwayu ana mkia panda."

"Aa. Nikajua anaanua nguo."

Nikamwambia asimame mbali, ananizibia mwanga. Nikachora wa pili. Huyu mstari wake ulianza vizuri sana, ukafika kwenye bawa, ukakumbuka jambo, ukarudi nyuma. Nilipoupangusa wino kwa haraka ukasambaa, ndege akawa na kivuli ambacho hakukiomba.

"Huyu naye kapigwa jiwe," alisema Kifungo.

Nilipomaliza wa tatu, Kifungo hakutania. Aliniwekea mkono begani.

"Pole, kaka."

"Pole ya nini?"

"Ya msiba."

Nilitazama ile raba. Nusu nzima ilikuwa imejaa marehemu. Ilibaki nusu moja safi, na katika nusu hiyo ndimo ilimokuwa kazi yangu, jina langu, na kila kitu nilichowaambia watu mtaani. Kwa mara ya kwanza tumbo likaniambia kwamba labda Bingwa si bingwa. Nililinyamazisha.

"Tatizo ni hii mashine," nikasema. "Ni nzito mbele."

"Lete niione."

"Hii si sindano ya vifungo."

"Si nione tu?"

Nikampa ili anyamaze. Nilikuwa nimeshaandaa kicheko.

Kifungo alifunga nywele, akavaa glavu, akavuta kiti. Mashine hakuikaba kama nilivyoikaba mimi. Aliishika kama kitu alichokiazima. Vidole viwili vya kushoto akaviweka kwenye raba akaivuta ikakaza, vile anavyovuta kitambaa kabla ya kukitoboa. Mimi kuvuta nilikuwa nimesahau kabisa. Halafu akakanyaga pedali, akatoa pumzi polepole, na mstari ukatoka pamoja na pumzi.

Kicheko changu kilibaki mdomoni, sikujua pa kukiweka.

Alipopangusa wino, nilimtazama yule ndege nikatamani kumfungulia dirisha.

"Umejifunzia wapi?"

"Wapi tena? Matundu ya vifungo. Ukikosea tundu moja, koti zima linakuwa tambara la kufutia meza. Mama hakusamehi."

"Kifungo. Mdogo wangu. Damu yangu."

"Ukianza na damu yangu unataka kitu."

"Nipe huyo ndege."

"Nimpe ndege halafu mimi nipate nini?"

"Nitakuombea kwa Fundi. Kwa mdomo huu huu. Nitamwambia nina mdogo wangu anataka kujifunza, ana mkono, amchukue."

 Nilikuwa nimesema kwa kumrubuni tu, lakini uso wa Kifungo ulibadilika. Alitazama koti kwenye kiti, akatazama mashine.

"Kweli, kaka?"

"Nife."

"Lini?"

"Kesho hiyo hiyo."

Aliniangalia vile Shangazi anavyokiangalia kitambaa ambacho mwenye duka anaapa hakirudi kikifuliwa. Lakini akakubali.

Nikachukua mkasi uliokuwa karibu nikaikata raba katikati. Ulikuwa mkasi wa meno wa Shangazi, ule unaoacha ukingo kama msumeno ili kitambaa kisichanike nyuzi. Nusu yenye mbayuwayu mzima nikaiweka kwenye mfuko. Nusu yenye marehemu nikampa Kifungo.

"Katupe hii. Mbali."

Aliigeuza. "Nyuma ni safi. Niichezee?"

"Ichezee utakavyo."

Mngekuwepo mngenipiga kibao. Hamkuwepo.

Asubuhi nikaingia kwa Fundi kifua mbele. Chumba chake ni kimoja, kina kiti cha kulaza mteja, taa ya kupinda, kioo, dirisha linalotazama kinyozi, na pazia ambalo nyuma yake ndiko anakochemshia vyombo. Ukutani kuna picha za mikono na migongo ya watu. Mezani kulikuwa na chane la ndizi. Sikuliwazia chane lile hata kidogo.

Fundi aliipokea ile nusu, akaipangusa kwa kitambaa chenye spiriti, akaikunja, akaikunjua, akaipeleka dirishani. Akavua miwani. Akaivaa tena.

"Hm."

Fundi akisema "hm" mdomo wake unabaki wazi kidogo kama wa samaki anayesubiri jibu. Kumbukeni hilo.

"Umeivuta ngozi," alisema.

"Ndiyo, Fundi. Vidole viwili."

"Kuvuta sijakufundisha."

"Nilijiwazia tu."

"Na kwenye kona ya bawa ulikuwa unatoa pumzi."

"Mimi nimezoea kupumua, Fundi."

Akapitisha kidole kwenye ukingo wenye meno. "Nusu nyingine iko wapi?"

Hapo ndipo ninapojipenda. Uongo wangu hauchelewi, unakuja umevaa kabisa na viatu.

"Shangazi kaiweka chini ya mguu wa cherehani. Ilikuwa inacheza."

"Maskini. Sasa imetulia?"

"Tuli kabisa."

Akanipiga begani. Na akatabasamu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilikuwa nadhani meno yake ni ya kutafunia tu. "Bingwa," akasema, na safari hii hakunicheka. "Nilikudharau."

Maneno ya kumwombea Kifungo yalikuwa yamefika hapa kooni. Naapa yalikuwa hapa. Lakini sifa ilikuwa tamu mno, nikaogopa kuinywa haraka. Nikajiambia nitasema baada ya Kinyozi. Au baada ya chakula.

Fundi akachuma ndizi moja kwenye chane akaniwekea mbele.

"Kabla Kinyozi hajaja. Nichoree mbayuwayu yule yule hapa. Sindano kavu."

"Bila wino?"

"Bila wino."

"Sasa utaonaje?"

"Wewe chora."

Akaingia nyuma ya pazia kuchemsha vyombo vyake.

Nikachora. Sindano inaingia kwenye ganda, inatoka, hakuna kitu. Ni kama kuandika kwa kidole juu ya maji. Ndizi ikabaki njano vile vile, safi, haina hatia. Nikaanza kucheka kimoyomoyo. Mtihani usioacha alama! Nikamalizia ndege kwa kukimbia, bila kuvuta, bila kupumua, nikamwongezea miguu minne ya ziada kwa sababu nani atahesabu.

Halafu nikaigeuza ndizi nikaona nafasi.

Nikamchora Fundi mwenyewe. Miwani, kamba ya miwani, kidevu, na mdomo ule wa "hm". Nikamtia na masikio kama vipini vya sufuria. Nilifurahi sana. Nasikitika kusema kwamba ndiyo kazi niliyoifanya kwa furaha kuliko zote tangu nianze kujifunza.

Fundi alitoka, akaiinua ndizi, akaigeuza, akaiweka dirishani penye jua.

"Umemaliza?"

"Mbayuwayu mtupu, Fundi."

"Tutamwona."

Nikadhani ni utani wa watu wazima.

Kinyozi akapiga hodi akaingia na aproni yake. Kinyozi wetu hana unywele hata mmoja kichwani. Anasema alijinyoa ili asipendelee mtu.

"Bingwa! Ndiyo siku yangu?"

"Ndiyo siku yako."

"Nimemwambia mke wangu leo narudi nyumbani na ndege. Ameshateleka maji."

"Umekula?" Fundi alimuuliza.

"Sijala. Nimeogopa."

"Mtu hachorwi na njaa, ataanguka. Muulize Bingwa, yeye alianguka bila kuchorwa. Utakula ndizi, zipo hapo. Kwanza osha mkono."

Mkono ukaoshwa. Nikataka kuunyoa vinyweleo, Kinyozi akakataa katakata, akatoa wembe wake mfukoni akajinyoa mwenyewe huku akinifundisha. Nikabandika karatasi ya kuhamishia mchoro, nikaibonyeza, nikaibandua, mbayuwayu wa bluu akabaki kwenye ngozi ya mtu. Tukasubiri akauke. Jua la dirishani lilikuwa kali.

Ngozi ya mtu, ndugu zangu, si raba. Hii ilikuwa ya moto. Ilikuwa na mshipa, na mshipa ulikuwa unadunda. Ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ananitazama.

"Mstari wako wa kwanza usiuonee huruma," Fundi alisema nyuma yangu. "Kama ulivyofanya kwenye ile raba."

"Kama kwenye ile raba," nikasema.

Nikakanyaga pedali. Kinyozi akafumba macho, akanyoosha mkono mwingine kupapasa dirishani atafute ndizi yake. Akaipata. Akafumbua jicho moja ili aimenye.

Akasita.

"Fundi."

"Mm."

"Ndizi zako huwa zinakutazama?"

Nikageuka, na moyo wangu ukashuka mpaka kwenye pedali.

Kumbe ganda la ndizi ukilichoma halisemi hapo hapo. Linakaa na jambo lake, linalitafakari, halafu linalitoa jeusi, tundu kwa tundu, kama ndizi iliyodondoka sakafuni. Mchoro wangu wote ulikuwa umejitokeza. Miwani. Kamba. Masikio ya sufuria. Na mdomo.

Kinyozi aliiweka ndizi sambamba na uso wa Fundi, akalinganisha.

"Hm," alisema Fundi, mdomo ukabaki wazi.

"Haa!" alisema Kinyozi. "Mwenyewe kabisa!"

Nilisubiri anipige. Hakunipiga. Aliichukua ndizi akaigeuza upande wa pili, ule wa mbayuwayu, akauangalia kwa muda mrefu kuliko alivyouangalia uso wake. Hapo ndipo nilipojua kwamba masikio hayakuwa kesi yangu.

"Kila mwanafunzi wangu namchoresha ndizi kavu," alisema taratibu. "Akiona wino anachora kwa jicho, anajirekebisha. Asipoona, unabaki mkono peke yake." Akachukua ile nusu ya raba akailaza kando ya ndizi. "Huyu anaruka. Huyu ana miguu sita na anaomba msaada."

"Ndizi imepinda, Fundi."

"Mkono wa Kinyozi umenyooka?"

"Ilikuwa inateleza."

"Na mtu akitoka jasho?"

Kinyozi alikuwa ameshauvuta mkono wake akauweka kwapani. "Mimi mkono huu nimekumbuka nina kazi nao," akasema. "Kuna mteja wangu ana harusi." Lakini hakuondoka. Alikaa kwenye stuli, akamenya ndizi nyingine, kama mtu aliyepata kiti cha mbele.

Fundi alivuta kiti akaketi mbele yangu. Akakunja mkono wa blauzi, taratibu, mpaka juu ya kiwiko. Mkono wake wote umechorwa, maua, samaki, majani, kazi za mikono ya watu mbalimbali. Katikati, chini kidogo ya kiwiko, palikuwa na mahali patupu, pana kama yai.

"Hapa," alisema, "aliyenifundisha mimi aliniambia nipaache. Ni pa mwanafunzi wangu wa kwanza atakayeiva. Wamepita wengi. Hakuna aliyepagusa."

Kinyozi aliacha kutafuna.

"Ndizi inaweza kukosea," Fundi akaendelea. "Siku moja moja hutokea. Basi mimi nitaiamini raba. Kama yule ndege wa kwenye raba umemchora wewe, nichore hapa, sasa hivi, bila karatasi. Kama si wewe, weka mashine chini tuongee. Sitakula mtu."

Alinifungulia mlango mpana kama wa gereji, mnaona wenyewe. Nilichotakiwa kufanya ni kuweka kitu mezani. Hata mtoto anaweza kuweka kitu mezani.

Lakini nilimwona Kinyozi ananitazama. Nikaona saluni nzima itakavyolisikia jambo hili kabla ya chakula, na jina la Bingwa litakavyotamkwa kuanzia hapo. Nikafikiria fremu. Nikajiambia: labda nilikuwa sijavuta tu. Nitavuta. Labda nilikuwa sijapumua. Nitapumua. Mkono wangu hautetemeki.

"Ni mimi, Fundi," nikasema.

Uso wake haukubadilika. Akanyoosha mkono juu ya meza.

Nikaweka vidole viwili kwenye ile ngozi tupu nikaivuta. Nikachovya sindano. Nikakanyaga pedali, nyigu akaamka. Sindano ikashuka, ikashuka, ikawa umbali wa unywele.

"Hodi wenyewe."

Sauti hiyo ningeitambua hata kaburini.

"Karibu," alisema Fundi, bila kuusogeza mkono.

Kifungo aliingia amevaa gauni lake la kutokea, lenye vifungo mpaka shingoni, nywele kazichana, mkononi kashika kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha mabaki. Aliniona, akatabasamu. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo linaloniuma.

"Shikamoo, Fundi. Shikamoo, baba," akamsalimu na Kinyozi. "Samahani kwa kuingilia kazi. Mimi ni mdogo wake huyu. Kaka alisema leo ataniombea nafasi ya kujifunza, nikaona nisimwache aseme peke yake, nije na kazi yangu mwone."

"Alisema ataniomba leo?" Fundi aliuliza.

"Ndiyo. Bado hajasema?"

"Bado."

Tabasamu la Kifungo likapungua. Aliniangalia mara moja tu, jicho la kupima kitambaa. Mimi nilikuwa natikisa kichwa kwa siri, natoa macho, nafanya kila kitu mtu anachoweza kufanya kwa nyusi. Kinyozi aliniona akaanza kunisaidia kutikisa, bila kujua tunatikisia nini.

Kifungo akafungua kitambaa mezani.

Ilikuwa raba. Juu yake waridi moja, lenye petali zilizolaliana, mstari wake mmoja kuanzia shina mpaka ncha. Zuri mpaka Kinyozi akasema, "Ee."

Fundi hakusema "ee". Alikuwa anatazama ukingo. Kwa mkono wake mmoja uliokuwa huru aliisogeza raba ya Kifungo kuelekea ile nusu yangu, polepole, mpaka meno ya mkasi yakakutana na meno ya mkasi, yakaingiliana, yakakaa. Hakuna hata jino lililobaki nje.

Kisha akaishika nusu ya Kifungo kwa ncha akaigeuza.

Marehemu wangu watatu wakatazama juu. Yule wa suruali. Yule wa jiwe. Na yule ambaye Kifungo alinipa pole ya msiba wake.

 Mashine peke yake ilikuwa inaendelea kunguruma, maana mguu wangu ulikuwa umeganda juu ya pedali.

Fundi akainua macho. Mkono wake ulikuwa bado umelala mezani, mahali patupu panatazama juu, sindano yangu bado inaning'inia hapo.

"Kwa hiyo, Bingwa," akaniuliza kwa upole kabisa, "cherehani ya shangazi yako imeanza kucheza tena?"

Nikafungua mdomo niutafute ule uongo wangu ambao hauchelewi. Haukuja. Kifungo alikuwa haniangalii usoni tena. Alikuwa anaangalia mkono wangu. Kinyozi naye akauangalia. Fundi akateremsha miwani yake, akauangalia.

Nikauangalia na mimi.

Jamani, ardhi ilikuwa inatetemeka.